Mchomaji Aliyetaka Picha Ukutani

Sijui alizaliwa wapi hasa, na sitajifanya najua. Watu wa chama chetu cha wahamiaji wakitaka kumsifu mtu huanza na ukoo: babu yake nani, walihama kutoka wapi, na wakifika kwa mtu mwenyewe chai imeshapoa. Mimi nitasema niliyoyaona. Nilimjua miaka minane, na miaka yote hiyo kila mtu alimwita Mchomaji. Hata binti yangu Rehema, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu kwa Kiswidi, hilo neno alilijua kabla ya kujua "asante".

Jina lilitokana na mchezo. Huku Sweden kiangazi kikifika watu wanacheza brännboll. Unajirushia mpira mwenyewe, unaupiga kwa gongo, halafu unakimbia kuzunguka pembe nne za uwanja. Wapinzani wanaufukuzia mpira na kumrushia mwenzao mmoja aliyesimama kwenye kibao kilicholazwa chini. Mpira ukitua mkononi mwake na mguu wake uko juu ya kibao, anapiga kelele: "Bränd!" Yaani umeungua. Ukikutwa katikati ya pembe mbili, umekwisha. Ukiwa umeshakanyaga pembe, umepona. Huyo wa kwenye kibao ndiye tunayemwita mchomaji, na kwetu alikuwa mwanamke huyohuyo misimu kumi na tisa, mpaka goti lake lilipokataa.

Wageni waliokuja mara ya kwanza kwenye pikiniki yetu, wakisikia watu wanauliza "Mchomaji yuko wapi?", walimwendea na sahani wakidhani ndiye mwenye nyama.

"Mimi nachoma watu," aliwajibu. "Mbuzi yuko kule."

Sasa sikilizeni desturi yetu, kwa sababu ugomvi wote umetoka hapo. Kila kiangazi vyama vya wahamiaji vya upande wetu wa kusini mwa mji hushindania kombe, na kombe hilo halina refa. Lilianza bila refa na limebaki bila refa. Neno la mwisho ni la mchomaji wa timu iliyo uwanjani. Akisema umeungua, umeungua, hata kama unajua mguu wako ulikuwa umefika. Akinyamaza, umepona. Kwa hiyo kila timu inamwachia mtu wake mmoja ukweli wote wa mchezo, na timu nyingi, niseme wazi, huchagua mtu mwenye macho mepesi na mdomo mwepesi zaidi. Sisi tulikuwa na yeye.

Sauti yake ilikuwa ya jikoni. Alifanya kazi kwenye jiko la shule miaka mingi, na nadhani ilikomaa huko, kwa kuita watoto mia tatu waje wale samaki wasiowataka. Siku moja tulikuwa duka la dawa pale Hallunda, mtaani kwetu, kila mtu ameshika kikaratasi chake cha namba ya foleni. Bwana mmoja mwenye koti zuri akaingia, akapita moja kwa moja hadi kaunta. Mchomaji akanyoosha mkono juu. "Bränd!" Duka zima likageuka. Yule bwana alirudi nyuma kimya akachukua namba, na dada wa kaunta alicheka hadi akavua miwani.

Mtu mwema? Hapana, sikumwona na wema huo wa kuonyesha. Alikuwa na mdomo mchungu. Mtu akija na chapati ngumu, alizigonga mezani zisikike. Kigari cha mwanangu alikiita lori. Wanawake waliokuja mazoezini wamejipaka rangi mdomoni aliwauliza kama mpira una mchumba. Nilimwogopa miaka yote ya kwanza.

Halafu nikajifungua. Baba yake Rehema alikuwa ameshahamia Upplands Väsby, upande wa pili wa mji, eti awe karibu na kazi yake ya uwanja wa ndege, na mimi nilikuwa peke yangu ghorofa ya sita na mishono. Kwetu mzazi haachwi hivyo. Kuna arobaini, unapikiwa, unakandwa, mtoto anaogeshwa na mikono iliyozoea. Mimi nilikuwa na mama yangu kwenye simu, anakatika kila akianza kueleza. Siku ya tatu kengele ikalia. Nikafungua, ni yeye, na sufuria ya uji wa pilipili manga imefungwa kwenye taulo.

"Shikamoo, mama," nikasema huku nalia.

"Marahaba. Wewe unalia, mtoto analia, sasa nani atapika?"

Alikuja kila siku mpaka arobaini ikatimia. Alitoka kazini, akapanda treni kutoka Farsta hadi kati ya mji, akabadili, akaja hadi kwetu karibu na mwisho wa reli. Hakunikumbatia hata mara moja. Alinikanda na maji ya moto mpaka nikamtukana, naye akanitukana, tukaendelea. Siku ya arobaini na moja hakuja. Nilimpigia simu kwa wasiwasi.

"Arobaini imeisha," akasema, akakata.

Na alikuwa mwongo. Lazima niseme, kwa sababu wanaomsifu siku hizi wanamfanya malaika, na malaika hachezi karata vile. Akicheza na watoto aliwaibia bila haya, jokeri anaikalia. Rehema alimshika siku moja akapiga kelele, "Du fuskar!", kwamba anadanganya. "Karata ni karata," Mchomaji akamjibu, akaendelea kugawa. Kwenye simu alimwambia dada yake aliyebaki kwao kwamba yeye mwenyewe ndiye mkuu wa jiko zima, huku kisu cha kumenyea viazi kiko mkononi. Umri wake ulipungua kila tulipokata keki. Aliniambia kwamba hapendi kahawa, na nikamkuta kwake anakunywa kikombe cha tatu. Hakutaka tu kunywa ya kwangu.

Akikanyaga kibao lakini, ilikuwa kama ameingia mtu mwingine. "Kibao hakina ndugu," alisema, na hakuwa anatania. Mazoezini alimchoma Mwenyekiti wetu siku ya kuzaliwa kwake, mbele ya wakwe. Alimchoma mchungaji mara mbili mfululizo. Na mpira usipofika kwa wakati, hata kama mkimbiaji ni adui na amebakiza nusu hatua, alinyanyua mpira juu wote wauone, akafunga mdomo. Vijana wetu waliumia. "Mama, si ungesema tu! Wenzetu wanasema!" Aliwaangalia kama watoto wake wa shuleni waliomwaga maziwa. "Haujafika. Nisemeje umefika?"

Timu nyingine zilimpenda. Yetu ilimpenda pale ambapo hatukuwa karibu kushinda.

Tufike kwenye fainali. Nimeikwepa mpaka hapa.

Ilikuwa kiangazi cha tatu nyuma, na sisi hatukuwa tumewahi kufika fainali hata siku moja. Tulicheza na chama cha watu wa Chile. Dakika za mwisho, tunaongoza kwa pointi moja, wao wanapiga, sisi tuko uwanjani. Walikuwa na wakimbiaji wawili, dada na kaka yake, wamefuatana kutoka pembe ya tatu kuja ya mwisho. Wakifika wote wawili, wametushinda. Wakiungua hata mmoja, kombe letu. Mpira uliangukia kwangu. Niliuokota safi kabisa, mikono yangu ilikuwa sawa. Na hapohapo Rehema akalia kwenye kigari pembeni, kile kilio cha kuumia, si cha njaa. Niligeuka. Nilimtazama. Alikuwa amebana kidole kwenye mkanda, basi. Nikageuka tena nikarusha.

Nilirusha vizuri. Nilirusha kwa kuchelewa.

Mpira ulitua mkononi mwa Mchomaji na yule kaka, aliyekuwa nyuma ya dada yake, alikuwa ameshakanyaga. Niliona. Uwanja mzima upande wetu ulikuwa unapiga kelele, "Sema! Sema!" Angesema neno moja. Wachile wasingebisha, ndiyo desturi. Alinyanyua mpira juu, akafunga mdomo.

Sikiliza sasa uchafu wangu. Watu wetu walimvamia yeye. Walimzunguka, wengine wanalia, Katibu wetu ametupa kofia chini. Hakuna aliyenitazama mimi. Kwa nini wanitazame? Mpira ulikuwa umefika kwake, kilichobaki kilikuwa mdomo wake. Mimi nilimbeba mwanangu nikakaa kwenye nyasi, na moyoni nilishukuru. Nilikaa na shukrani hiyo miaka mitatu. Kila mtu aliposema "Mama yule alitutupia kombe", nilikoroga chai yangu.

Sasa kuna ukuta. Kwenye chumba tunachokodi Hallunda kuna ukuta mrefu wa upande wa jikoni, na chama kiliamua uwe Ukuta wa Heshima, picha za watu waliokifanyia chama na michezo yake jambo kubwa. Yupo mwenyekiti wa kwanza. Yupo kijana aliyekimbia mbio ndefu. Yupo pia bwana ambaye sifa yake ni kuwa na gari kubwa.

Mchomaji alitaka kuwa kwenye ukuta huo. Najua hadithi kama hizi hupenda mtu wa kusema "mimi sitaki makuu". Yeye alitaka, na hakuficha. Alipiga picha studio, amevaa jezi yetu ya zamani aliyoipiga pasi hadi ikang'aa, mikono imekunjwa, uso kama wa pasipoti. Akaniuliza kila wiki: "Wameshaanza kujadili?" Goti lilikuwa limefanyiwa operesheni, kucheza kumeisha, na kiangazi kilikuwa kinakuja ambacho mtu mwingine angesimama kwenye kibao.

Walijadili kwenye mkutano wa mwaka, yeye akiwa nyumbani na goti lake. Mwenyekiti ni Mkenya, dereva wa basi, mtu mtulivu. Anaweza kukunyima kitu ukamshukuru.

"Watu wangu, ukuta ni wa walioleta kitu," akaanza. "Huyu mama tunampenda, hakuna mtu hapa hampendi. Lakini tuulizane ukweli, alileta nini? Misimu kumi na tisa, kombe sufuri."

"Alileta adabu," akasema mama mmoja wa nyuma.

"Adabu haiwekwi kwenye kabati. Na lile kombe moja tulikuwa karibu nalo, si ni yeye alilipeana?"

"Bon," akadakia Katibu, Mkongo, ambaye kofia yake ile bado inamuuma. "Kombe lilikuwa mu mkono. Mama akafungua mkono."

"Na huyo wa gari?" yule mama wa nyuma akauliza. "Yeye kaleta nini?"

"Amebeba sufuria zetu miaka sita!"

"Basi tundikeni picha ya gari!"

Watu wakacheka, hata mwenye gari. Nikaona linakwenda hivyo, kwa kicheko, na kicheko kikiisha watapiga kura naye atakuwa amekosa. Nikasimama. Nilikuwa na hasira, na nusu ya hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Mpira ulichelewa," nikasema. "Mimi ndiye niliyerusha. Yeye alisema kweli. Kama mnatafuta aliyetupa kombe, ni mimi."

Kisha Mwenyekiti, kwa upole ule wake: "Mama Rehema, wewe si ulikuwa unaangalia mtoto? Sasa utajuaje mpira ulifika saa ngapi?"

Wakacheka tena. Mwanamke akiwa na mtoto, hapa, haoni. Anaona mtoto tu. Wanaume sita waliokuwa wanakula sambusa chini ya mti wanajua mpira ulifika lini, mimi niliyeurusha sijui. Nilitaka kumrushia kiti.

Lakini Katibu hakucheka. Alinitazama akauliza, "Na miaka mitatu hii, maman, ulikuwa wapi?"

Nikakaa.

Mwenyekiti akatoa njia ya kati. Tuimalize kiutu uzima, akasema. Picha iende ukutani. Ila siku ya kuitundika Mama naye akubali mbele ya watu kwamba siku ile alikosea, mpira ulikuwa umefika kwa wakati. Ni neno tu. Watoto wasije kudhani tunamtunuku mtu kwa kutunyima kombe. Wanaokubali?

Mikono ikapanda. Yule mama wa nyuma hakunyoosha. Mimi nilinyoosha. Nilijiambia bora picha kuliko bure. Na kwa kuwa "nyinyi mnaelewana", nikatumwa mimi nimpelekee.

Jumamosi nikaenda kwake Farsta. Kwenye treni nilijiandaa kutukanwa; nilitaka kutukanwa. Nilimkuta amenyoosha mguu juu ya kigoda, anamenya viazi vingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula.

"Wanasemaje?"

"Wanasema picha itawekwa."

Akaacha kumenya. Sijawahi kuuona uso wake vile, ulifunguka kama wa mtoto. "Wapi? Isiwe karibu na choo."

"Katikati. Ila wanataka useme kitu kwanza. Useme siku ile ulikosea. Kwamba mpira ulifika."

"Nani kawaambia ulifika?"

"Hakuna aliyewaambia. Wanataka tu."

"Na wewe?"

"Mimi nataka picha yako iwe pale, mama."

Alichukua kiazi kingine, akakimenya chote, taratibu, ganda likashuka refu bila kukatika. Akakitupia kwenye maji.

"Waambie ulifika."

Nilikasirika mpaka masikio yakapiga kelele. Mimi niliyebeba ujumbe, mimi niliyenyoosha mkono, nikamkasirikia yeye kwa kukubali. "Si kibao hakina ndugu? Si ndiyo maneno yako?"

"Kibao hakina ndugu," akasema. "Na mimi huku sina. Nyumba hii nikiiacha wataipaka rangi wamweke mtu mwingine wiki ijayo. Jikoni shuleni wameshaweka mtu. Nataka picha. Umeelewa? Nataka watu wakienda kuchukua chai wanione." Akafuta kisu. "Chukua viazi, ni vingi."

Nikachukua viazi. Nikampelekea Mwenyekiti jibu. Akafurahi, akasema alijua Mama ni mtu muungwana.

Picha ilitundikwa mwezi wa nne. Alikuja na gongo la kutembelea, amevaa kitenge cha kijani na makoti mawili. Mwenyekiti alitoa hotuba, akataja misimu kumi na tisa, akasema chama kina moyo wa kusamehe. Kusamehe! Kisha akampisha. Mchomaji akasimama chini ya picha yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumsikia.

"Sauti, maman!" Katibu akasema.

"Mpira ulifika," akarudia. "Nilikosea."

Walipiga makofi. Walipiga kweli, kwa mapenzi, wengine wakapiga vigelegele, na hilo ndilo ninaloshindwa kulisamehe, kwamba walikuwa na furaha. Yule mama wa nyuma aliinuka akaenda jikoni kuosha vikombe ambavyo bado vilikuwa safi. Mimi nilipiga makofi pia. Mchomaji aligeuka akaitazama picha yake muda mrefu. "Wamenitoa vizuri," akasema, na akaomba sambusa.

Jioni ilipoisha nilimsindikiza mlangoni, kwenye benchi la viatu. Goti halikunji, kwa hiyo nilipiga magoti nimvalishe buti. Wengine walikuwa ndani wanakunja viti.

"Mama, nisamehe," nikamwambia.

"Kwa lipi?"

"Kwa kukuletea maneno yao."

"Hayo si kitu." Akatazama nyuma kama kuna mtu. Akainama mpaka karibu na sikio langu, na ile sauti ya uwanjani nikaisikia tena, ila ndogo. "Mpira ulichelewa. Wewe ndiye uliyechelewa kuurusha. Nilikuona ulivyogeuka. Miaka mitatu yote nimekungoja uwaambie."

Akanishika bega, akajiinua, akatoka kwenda kusubiri basi. Zipu ya buti la pili nilikuwa sijaifunga.